Umeme wa Boti Hupimwa Ukiwa Kazini
Mhadhara kwa wenye boti za faiba, manahodha na mafundi

Assalaam alaykum. Habari za asubuhi, manahodha, wenye boti na mafundi wenzangu. Nashukuru mmekuja wengi. Mwezi umepevuka, dagaa hawavuliwi, na siku kama hizi ndizo mtu anapata nafasi ya kuifungua boti yake na kuitazama ndani.

Leo nasema na yule aliyenunua boti iliyokwisha kutumika. Nyingi ya boti hizi zilikuwa za watalii. Zilipeleka watu kupiga mbizi, au kule Mafia kuwatazama papa potwe, kisha mwenyewe akanunua mpya na hii akaiuza. Mnunuzi anakuja, anaigonga faiba kwa vidole, anaisikiliza mashine, anauliza imefanya kazi miaka mingapi. Umeme anaupima kwa kuwasha taa. Taa ikiwaka anaridhika, anatoa pesa. Wiki mbili baadaye yuko nje usiku, redio inazima kila akitaka kusema, na asubuhi betri haina nguvu ya kuwasha mashine.

Taa ile haikusema uongo, ila aliulizwa shahidi asiyejua kitu. Taa ndogo ya LED inakula umeme kidogo sana, hata waya uliooza ukabaki nyuzi mbili tatu utaiwasha vizuri. Na mita ya kupimia volti nayo ni hivyohivyo: ukiigusisha kwenye waya mbovu ambao hauna kazi, itakuonyesha volti 12.6 kama ilivyo kwenye betri, kwa sababu mita yenyewe karibu haivuti chochote. Amari iliyochakaa inaonekana nzima maji yakiwa shwari. Upepo ukivuta ndipo unaijua. Basi kipimo chochote mtakachochukua kwenye boti, kichukueni chombo kikiwa kinafanya kazi: pampu inavuta, taa zote zinawaka, redio inasema. Kipimo cha waya uliolala msikiamini, na msinunue kifaa kipya kwa sababu ya kipimo hicho.

Kabla hujashika bisibisi, fungua vifuniko vyote na unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa ngamani, chini kabisa ya boti, na cheche moja ya waya inatosha. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote. Acha boti ipigwe na upepo, tafuta inakovuja, kausha, ndipo uanze. Vua pete na saa. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Betri inapochajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka, kwa hiyo kile kisanduku kilichozibwa pande zote kwa silikoni ili maji yasiingie, kitobolewe juu. Nimeviona vingi vya namna hiyo, na watu wanalala juu yake.

Sasa betri. Ichaji hadi ijae, iache ipumzike saa kadhaa bila kazi, kisha pima. Betri ya maji na risasi iliyo nzima itasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikisoma 12.0 imebaki robo tu. Halafu mweke mwenzako apige stata huku wewe umeshika mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Ikiporomoka chini ya 10, ama betri imechoka ama stata inakula kupita kiasi. Mashine ikishawaka, ipe mafuta kidogo: mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki pale pale ilipokuwa, mashine haichaji, na hapo mnatazama waya wa kuchaji, fyuzi yake na rektifaya, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri. Na mashine isipozunguka kabisa, au ikizunguka isiwake, kabla ya yote tazameni kamba nyekundu ya usalama, ile inayozima mashine ikichomoka, imekaa mahali pake na gia iko huru. Mashine nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya kikamba hicho.

Nitakaa zaidi kwenye hili la waya, maana humo ndimo boti za mkono wa pili zinamolia.

Boti ikitoka kiwandani, nyaya zake zina mpango. Ikipita kwa wenyewe watatu, kila mmoja ameongeza chake: huyu muziki, huyu taa chini ya viti, huyu chaja ya simu. Hakuna aliyeondoa waya wa mwenzake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi na kalamu. Anza kwenye betri, chanya, fuata kila waya hadi mwisho wake, na uandike: unaelekea wapi, unapita kwenye fyuzi ya ampea ngapi, unene wake kiasi gani. Kisha fuata hasi, kutoka kwenye chombo kurudi kwenye betri. Rangi msiziamini. Fundi wa nyumba ana mazoea yake, fundi wa gari ana yake, na boti zilizotengenezwa kwa utaratibu wa Marekani siku hizi hasi yake yaweza kuwa njano. Waya usio na kazi, usiukate ukauacha. Utoe wote.

Nawapa mfano wa boti moja ya mita nane, ya watalii zamani, sasa inavua. Lalamiko lilikuwa kwamba redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, inasikia vizuri sana lakini haisemi. Nahodha akibonyeza kitufe, kioo kinazima, akiachia kinawaka. Aliyemwuzia akamwambia redio imekufa, nunua nyingine. Tazameni hesabu ya redio. Ikisikiliza tu inakula kama nusu ampea. Ikisema kwa nguvu kamili, wati 25, inakula ampea tano au sita, mara kumi ya pale mwanzo. Chombo kinachofanya kazi ndogo vizuri na kushindwa kubwa, kosa mara nyingi liko njiani. Ushahidi wa pili: alipoiweka kwenye wati 1, ikasema. Basi redio ni nzima.

Tukapima namna hii. Mmoja anabonyeza na kusema maneno mafupi, kwenye chaneli ya kawaida na siyo 16, maana 16 ni ya wito na ya dhiki, haichezewi. Mwingine anashika mita. Kwenye betri wakati wa kusema: 12.4. Nyuma ya redio wakati huohuo: 9.7. Volti 2.7 zimepotea njiani. Njia gani? Hapa ndipo watu wengi wanapochoka na kuanza kubadilisha nyaya zote. Hakuna haja. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, na ncha ya pili kwenye chanya ya redio, kisha mwenzako aseme. Mita inakuonyesha kile kilichopotea upande huo peke yake. Ilisoma 0.3. Hamisha zote mbili upande wa hasi: 2.4. Kosa liko kwenye njia ya kurudi, na nusu nzima ya boti hatuna sababu ya kuigusa. Tukaacha ncha moja kwenye hasi ya betri na kuisogeza nyingine kiungo hadi kiungo kuelekea kwenye redio. Mita ilibaki chini, chini, kisha kati ya viungo viwili ikaruka. Tukanyanyua ubao wa sakafu, tukakuta waya wa nyumba umesokotwa na mwenzake kwa mkono, ukazungushiwa tepu nyeusi. Ndani ya tepu kulikuwa na unga wa kijani.

Upande wa hasi unasahaulika sana. Mtu anahangaika na swichi, fyuzi, chanya, kwa sababu huko ndiko kwenye vitu vya kuonekana. Lakini umeme wote uliokwenda lazima urudi, na boti ya faiba haina bodi ya chuma kama gari ya kuurudishia. Kila taa, kila pampu, inategemea waya wake wa kurudi.

Waya ule haukutosha kukatwa pale palipooza. Shaba isiyopakwa bati ikishika maji ya chumvi, weusi unapanda ndani ya ganda, tena mbali. Tulikata, tukachuna, nyuzi nyeusi. Tukakata tena, bado nyeusi. Mwisho tukautoa wote. Kwa hiyo nikisema tafuteni waya wa boti, wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, sisemi kwa ajili ya urembo. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene unakatika kwa mtikisiko wa mashine, na unakatika ndani ya ganda, huuoni.

Na unene. Redio iko mita sita kutoka kwenye betri. Kwenda na kurudi mita kumi na mbili. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, kwa ampea tano unapoteza kama volti 0.7. Wa 2.5 unapoteza kama 0.44. Wa milimita 4 unapoteza chini ya 0.3. Kwa vitu vya kuokoa maisha, yaani redio, pampu ya ngama na taa za njia, upotevu usizidi asilimia tatu, ambayo kwa volti 12 ni 0.36. Kwa hiyo hapo ni milimita 4. Kwa muziki hata asilimia kumi si neno.

Viungo mbane kwa koleo la kazi hiyo, si kwa meno ya plaizi, na juu yake mrija wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kisha vuta kwa mkono. Kikichomoka mkononi ni afadhali kuliko kuchomoka baharini.

Jambo la betri kuisha usiku. Boti hiyohiyo, kila kitu kimezimwa. Fungua hasi ya betri, weka mita ya ampea katikati ya waya na kichwa cha betri, ukianzia kipimo cha 10. Usijaribu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ilisoma 0.8. Inaonekana ndogo, lakini ni ampea-saa 19 kwa siku. Betri ya ampea-saa 70 itafika nusu kabla siku mbili hazijaisha. Tukachomoa fyuzi moja moja tukitazama mita. Ya muziki ilipotoka, namba ikaanguka karibu na sifuri. Kilikuwa kikuza sauti chini ya kiti, hakina swichi, kinakunywa usiku na mchana. Hakuna haja ya ujuzi mkubwa, ni subira tu.

Pampu ya ngama ndiyo msiyoisamehe. Iwe na njia yake moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, ili hata ukizima swichi kuu iendelee kulinda boti. Nyanyua kielea, ile swichi inayopanda na maji, kwa mkono uone kama inawaka, halafu mwaga ndoo ya maji uone kama inatoa. Kuwaka na kutoa maji ni mambo mawili. Ukiunga chanya na hasi kinyume, pampu nyingi zinazunguka kinyumenyume, zinanguruma vizuri kabisa na maji yanatoka kidogo tu. Nahodha anasikia mlio, anaamini yuko salama.

Fyuzi inalinda waya, hailindi chombo. Basi saizi yake inafuata waya, na ikae karibu na betri, sentimita 18 au chini ya hapo, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Mtu anayezungushia fyuzi uzi wa shaba ameondoa ulinzi wote. Betri ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea, ganda linawaka, na faiba inaungua kwa moshi mzito, mkiwa mbali na pwani na mtungi wa petroli miguuni. Naomba kila mmoja wenu leo afungue kisanduku cha fyuzi akitafute kitu hicho.

Nimepewa maswali mawili hapa.

La kwanza: mashine ikiwa inawaka, naweza kuchomoa betri nipeleke boti nyingine ikawashie? Hapana, mzee wangu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa mashine. Ukiichomoa, volti zinaruka juu ghafla na rektifaya inaungua, na mara nyingine vyombo vingine vinafuata. Zima kwanza.

La pili linatoka kwa wavuvi wa dagaa: tumeweka taa mpya za LED, na tangu hapo redio haishiki mbali. Hili ni la kweli, wala si dhana. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu yake, kwamba baadhi ya taa za LED zinatoa kelele inayoziba masafa ya VHF. Kipimo chake ni rahisi. Zimeni taa, chagueni chaneli tupu, geuzeni kile kirungu cha kukata mkwaruzo mpaka redio inyamaze kwa shida tu, pale pale mpakani. Sasa washeni taa. Redio ikibaki kimya, taa haina kosa. Ikianza kukwaruza, isogezeni mbali na antena au badilisheni aina ya taa, kisha rudieni kipimo hichohicho hapo ufukweni, taa zote zikiwaka, kabla hamjatoka nayo usiku.