Cheo Kipya, Hesabu ya Zamani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na barua ambayo wengi mliomo humu mmeshaipokea. Aya ya kwanza inakupongeza. Ya pili inataja cheo kipya na tarehe ya kuanza. Ya tatu ni fupi kuliko zote: mshahara wako utaongezwa kwa asilimia 8. Unairudia ukidhani umeruka mstari. Wenzako wanaingia kukupa mkono wa hongera, unawashukuru, lakini dukuduku limeshakukaa moyoni.

Watu wengi wakishafika hapo huanza kubishana na ile 8. Mbona si 12? Mbona fulani alipata 15? Mimi nawaomba muulize kwanza jambo jingine: asilimia 8 ya nini? Ni ya mshahara wa kazi uliyokuwa ukiifanya hadi jana, kazi ambayo huifanyi tena. Majukumu ni mapya, lawama zitakazokufikia ni mpya, lakini hesabu imepigwa juu ya kiti ulichokwisha kuinuka.

Tuchukue namba nyepesi, tusitaje fedha ya nchi yoyote. Ulikuwa unalipwa 1,000. Ngazi ya mshahara ya cheo kipya ni kati ya 1,400 na 1,800. Umeongezwa asilimia 8, umefika 1,080. Mwezi huohuo anaajiriwa mtu kutoka nje kwa cheo kilekile, naye anaanza na 1,500. Tofauti yenu ni 420. Sasa kila mmoja wenu apewe nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka kwa miaka mitano, bila upendeleo wowote. Wewe utafika kama 1,378, yeye 1,914. Tofauti imekua, sasa ni 536. Na angalieni hili ambalo huniuma kila ninapoipiga hesabu hii: baada ya miaka mitano ya kazi nzuri, bado hujafikia hata 1,400, yaani kima cha chini kabisa cha cheo ulichopewa. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyekupunja. Ulipunjwa siku moja tu, siku ya barua.

Nyongeza ndogondogo hujenga pengo kubwa, na ushahidi upo. Lilly Ledbetter alikuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi huko Alabama, Marekani, kuanzia 1979 hadi 1998. Mwanzoni mshahara wake ulikaribiana na wa wanaume wa nafasi yake. Mwishoni alikuwa akipata dola 3,727 kwa mwezi, wakati mwanamume wa chini kabisa katika nafasi hiyo alipata 4,286 na wa juu kabisa 5,236. Alikuja kujua kwa kikaratasi kisicho na jina. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema amechelewa kulalamika; ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 2009, ikapewa jina lake. Kesi ile ilihusu ubaguzi wa kijinsia, na sisemi kila nyongeza hafifu ni ubaguzi. Nasema alikaa miaka mingi bila kujua, na kutojua kulimgharimu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua. Tafuta ngazi ya mshahara ya cheo chako: iko idara ya rasilimali watu, iko kwa chama cha wafanyakazi kama mnacho, na mara nyingi iko kwenye matangazo ya kazi ya nafasi kama yako. Zungumza na wenzako. Najua ofisi nyingi hutufundisha kwamba mshahara ni siri, lakini jiulizeni siri hiyo inamlinda nani. Marekani, sheria ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapojadiliana kuhusu malipo yao. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha maagizo yanayotaka mwombaji kazi aelezwe mshahara wa kuanzia au ngazi yake, na yanamkataza mwajiri kumuuliza alikuwa akilipwa ngapi alikotoka. Hilo la mwisho lina maana kubwa kwetu, kwa sababu linakata mnyororo uleule wa kupima kazi mpya kwa mshahara wa zamani. Someni sheria ya mahali mlipo kabla ya kukubali kwamba hamruhusiwi.

Kuna sababu nyingine ya kuikimbia ile 8. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman, katika utafiti wao waliouchapisha mwaka 1974, walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10 walikisia, kwa wastani wa kati, 25. Walioona 65 walikisia 45. Gurudumu halikuhusiana kabisa na swali, lakini liliwavuta. Basi ukiingia ofisini ukisema "naomba 12 badala ya 8", umeshafungwa kwenye nguzo yao, na mtabishana karibu na hapo hadi jioni.

Taja mshahara wenyewe. Mazungumzo yaende hivi:

"Bosi, nashukuru kwa kuniamini, na kazi nimeshaianza. Naomba kujua ngazi ya cheo hiki inaanzia ngapi na kuishia ngapi, na mimi nimewekwa wapi."

"Utaratibu wetu mtu akipanda cheo ni asilimia 8. Ni kwa wote."

"Nimekuelewa. Ila hiyo imepigwa kwenye kazi yangu ya zamani. Sasa nasimamia watu sita na bajeti naisaini mimi. Kwa kazi hii naomba 1,500."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Kimya kikirefuka kidogo wanaanza kujipunguzia wenyewe: "au hata 1,300 si mbaya." Mwache ajibu yeye.

Usilete kodi ya nyumba wala ada ya watoto. Ni mizigo ya kweli, lakini bosi wako hawezi kuipeleka kwa mkubwa wake kama hoja. Mpe anachoweza kukibeba: ngazi ya cheo, bei ya kazi sokoni, na mambo mawili matatu uliyoyafanya yenye namba. Na usitishie kuondoka kama huna pa kwenda au huna nia. Kama kweli umepata kazi kwingine, sema kwa upole na uwe tayari kuambiwa "nenda salama".

Akisema bajeti imefungwa, huenda ni kweli. Omba basi ipande kwa awamu, nusu sasa na nusu mwanzo wa mwaka wa fedha. Akikupa posho badala ya mshahara wa msingi, pima vizuri: mara nyingi posho haiingii kwenye pensheni wala kwenye asilimia ya mwaka ujao, na huondolewa kwa urahisi. Ahadi ni deni, lakini deni la mdomo husahaulika bosi akihamishwa. Siku hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi: tumezungumza hivi, tumekubaliana kurudi tarehe fulani, kwa vigezo hivi.

Dada pale nyuma ameuliza: je, wakichukia na kuninyang'anya cheo? Dada yangu, hofu hiyo naiheshimu. Ukiuliza kwa adabu, ana kwa ana, na baada ya kushukuru, jibu baya la kawaida ni "hapana", na "hapana" hiyo inakuacha palepale ulipokuwa. Ila kama unajua ofisi yako humwadhibu anayeuliza, usiende peke yako. Pitia kwa chama, au nendeni wawili watatu wenye cheo kimoja. Na wakati huohuo anza kupeleka maombi ya kazi kwingine ukitumia cheo kipya, kwa sababu huko nje watakupima kwa cheo hicho. Wakikuuliza unalipwa ngapi sasa, waambie mshahara unaoutarajia kwa kazi wanayoitangaza.