Shahidi wa Nyangwe: Tumwamini kwa Kiasi Gani?

Mabibi na mabwana, watu wakishaambiwa "huyu alikuwepo, aliona kwa macho yake", hufunga mjadala. Mimi hapo ndipo ninapoufungua.

Twendeni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, Kongo, tarehe 15 Julai 1871. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, yuko sokoni. Anawaona watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, wameingia na bunduki. Mmoja anabishania kuku. Livingstone anashika njia kuondoka. Hajafika mbali, bunduki zinalia, akina mama wanakimbilia mitumbwi, wengi wanazama.

Sasa tumbane shahidi wetu. Ubishi wa kuku aliuona. Risasi za kwanza zilipolia, yeye alikuwa anatoka sokoni. Na ile idadi ya waliokufa inayonukuliwa kila mahali, kati ya 330 na 400? Mwenyewe anaandika kuwa ni makisio ya wafanyabiashara Waarabu. Hakuhesabu maiti, wala asingeweza.

Halafu kuna suala la maandishi yenyewe. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika kwenye kurasa za gazeti kuukuu la London kwa wino wa mmea. Yakafifia hata yasisomeke, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, zaidi ya miaka 130 baadaye. Muda wote huo tulikuwa tunasoma nakala safi: aliyoiandika upya mwenyewe, kisha Horace Waller akaihariri na kuichapisha mwaka 1874. Kwenye maandishi yale ya gazetini, hasira yake kwa watu aliotumiwa kutoka Zanzibar ni kali zaidi, hata watafiti wakauliza kama baadhi yao hawakushiriki mauaji yale. Kitabuni makali hayo yamepunguzwa. Si lazima uwe uongo, lakini mkono umepita.

Na barua? Wengi huziamini kwa kuwa ni za faragha. Lakini zile za kutoka Ujiji mwishoni mwa 1871, miezi kadhaa baada ya tukio, alimwandikia Lord Granville, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Alitaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa Zanzibar. Barua ya namna hiyo ni hoja mbele ya serikali.

Mimi sina shaka kwamba mauaji yalitokea. Maandishi yale ya gazetini aliyaandika siku zilezile. Ila nani hasa alifyatua, na walikufa wangapi, hayo siyaandiki kwa sauti ileile.