Likizo, Mti na Kipande cha Kiazi

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti vipo. Sitamuuliza mtu swali eti kwa kuwa amekaa karibu nami.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuitumia likizo ndefu kabla hamjaanza baiolojia ya ngazi ya juu. Najua baadhi yenu mmeshakipata kitabu na mmeshaanza sura ya kwanza. Naomba mkifunge kidogo.

Mimi likizo kama hii nilinakili sura sita kwa kalamu za rangi nne. Daftari lilipendeza hata mama akawa anawaonyesha wageni. Mtihani wa kwanza ukaja na grafu moja ya kazi ya kimeng'enya, yaani kile kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya mwili, kadiri malighafi yake inavyoongezwa: mstari unapanda, unapanda, kisha unalala. Swali: kwa nini umelala? Nilijua jina la kimeng'enya kile, nilijua kimeundwa na protini, hata tahajia yake sikukosea. Nilichokuwa sijui ni kwamba ikifika hapo vimeng'enya vyote vimeshashika kazi, kwa hiyo malighafi ukiongeza inapanga foleni tu. Nikapata 38 kwa 100.

Huko nyuma mliulizwa kitu hiki kinaitwaje. Mnakokwenda mtaulizwa kinafanyaje kazi, na umejuaje. Swali hilo la pili ndilo la kufanyia mazoezi likizo hii, na si lazima uwe na kitabu kizito.

Nianze na mti. Ukipanda mche mdogo, baada ya miaka kadhaa unakuwa mti usioubeba. Uzito ule wote umetoka wapi? Nasikia "udongoni". Nasikia "mbolea". Haya. Katika karne ya 17 mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alilipima jambo hili. Alikausha udongo, kiasi cha kilo 90, akaupanda mche wenye uzito wa kilo 2 na kitu, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika karibu kilo 77. Akaukausha udongo tena, akaupima: ulikuwa umepungua gramu hamsini na ushei. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Habari zake zilichapishwa 1648, yeye akiwa ameshafariki.

Alikosea, lakini alikosea vizuri. Udongo aliuondoa kwenye orodha kwa kuupima. Hewa hakuiwazia, na kaboni iliyoujenga ule mti ilitoka humo, kwenye kabonidayoksaidi. Ajabu ni kwamba nimewafundisha wanafunzi wanaoandika mlinganyo wa usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, bila kukosea hata herufi, na ukiwauliza habari za mti bado wanajibu "udongo". Mlinganyo umekaa kichwani peke yake, haujakutana na mti.

Sasa geuzeni swali. Mtu akipungua kilo 10, mafuta yale yameenda wapi? Msinijibu leo. Nendeni nalo nyumbani, mlifuate mpaka liishe, na mkiniambia "yamegeuka nguvu" nitawauliza atomi zake ziko wapi. Atakayefika kwenye pumzi aliyoitoa puani ameshaanza sura ya upumuaji wa seli.

Kuna na jambo la kufanya kwa mikono. Chukua kiazi mviringo, kimenye, ukate vipande virefu kama njiti nene, kila kimoja milimita 50. Andaa vyombo vitano vyenye lita moja moja ya maji. Cha kwanza kiwe maji matupu. Vinavyofuata tia chumvi nusu kijiko cha chai, kijiko kimoja, viwili, vinne, na kila kijiko ukisawazishe juu kwa kisu. Tumbukiza vipande vitatu vitatu, acha usiku kucha.

Asubuhi, kabla ya kugusa rula, tumia vidole. Kile cha maji matupu ni kigumu, ukikikunja kinakatika kwa mlio. Cha vijiko vinne kimelegea, kinapinda kama mpira. Maji yamepita kwenye utando wa seli, yakitoka kwenye mmumunyo mwepesi kuelekea mzito. Hiyo ni osmosi, na umeishika mkononi.

Halafu pima. Hapa ndipo wengi huteleza. Kipande kilichotoka milimita 50 kikawa 52, na kilichotoka 40 kikawa 42, vyote vimeongezeka milimita 2. Je, vimebadilika sawa? Cha kwanza ni asilimia 4, cha pili asilimia 5. Ndiyo maana tunachora asilimia: vipande vyako havitalingana hata ukijitahidi vipi. Chora grafu, chumvi chini, mabadiliko pembeni. Mstari utaanza juu ya sifuri, utashuka, utaivuka. Pale unapoivuka pana nini? Kaa na swali hilo hata siku mbili. Ukilijibu kwa maneno yako, umejipatia kipimo cha ukali wa maji yaliyomo ndani ya seli za kiazi bila kuzifungua.

Mengine nayapitia haraka. Kemia: mjue kifungo cha haidrojeni, kwa nini maji na mafuta havichanganyiki, na pH ni nini. Basi. Hesabu: wastani, asilimia, uwiano. Fanyeni mchemraba wa sentimita 1, wa 2 na wa 3, kisha kwa kila mmoja mgawanye eneo la nje kwa ujazo wake. Mtapata 6, 3 na 2, na mtaelewa kwa nini seli haikui ikawa kubwa kama nyumba. Majina magumu yaacheni, mtayazoea darasani.

Muda? Saa moja, siku nne kwa wiki. Anayesoma saa sita kila siku likizo nzima hufika darasani amechoka, nami namwona anasinzia.

Ndiyo, wewe pale nyuma. Anauliza kama lazima viazi vyote vifanane au vyovyote vitafaa. Swali zuri. Kata vipande vyote kwenye kiazi kimoja kikubwa kikitosha. Ukitumia kiazi kipya chombo hiki na kilichonyauka chombo kile, kesho yake hutajua tofauti imeletwa na chumvi au na kiazi. Ikibidi utumie viazi vitatu, basi kila chombo kipate kipande kutoka kila kiazi, na uandike daftarini kipi kimetoka wapi.