Ametumwa na Nani? Umma na Watu Wanaotoboa Siri za Serikali

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na nyinyi vijana mnaosomea sheria na uandishi wa habari, asanteni kwa kunialika. Niliombwa nizungumzie jinsi umma unavyowatazama watu wanaotoa nje siri za serikali. Sitakwenda mbali kutafuta mfano. Mmoja wao aliishi hapa hapa Mombasa baada ya kufukuzwa kazi Nairobi. Alisilimu na kuoa akiwa huku. Jina lake David Munyakei, na ningependa kuanza na meza yake ya kazi, kwa sababu watu wengi wanaokumbuka kashfa ya Goldenberg hawamkumbuki yeye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Wakati huo serikali ilikuwa na utaratibu wa kuwalipa fidia wauzaji wa bidhaa nje ili nchi ipate fedha za kigeni. Kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 20. Kampuni ya Goldenberg International, ya mfanyabiashara Kamlesh Pattni, ilikubaliwa ilipwe asilimia 35, kwa madai kwamba inauza nje dhahabu na almasi. Kenya haichimbi almasi. Dhahabu tuliyokuwa tukichimba ilikuwa kidogo mno, na hata wale waliokubali kwamba iko dhahabu iliyopita walisema imeletwa kwa magendo kutoka Kongo.

Nataka muione njia ya ile karatasi. Muuzaji alijaza fomu iliyoitwa CD3, akaandika bidhaa na thamani yake. Forodha wakagonga muhuri kwamba mzigo umetoka. Dola zilitakiwa ziingie Benki Kuu, nayo Benki Kuu ikathibitisha kwamba zimeingia. Ndipo shilingi zikalipwa. Muhuri juu ya muhuri, na kila aliyegonga wake alikuwa na la kujitetea: aliyenitangulia ndiye aliyekagua. Wizi wa aina hii hauhitaji mtu kuvunja kufuli usiku. Hufanyika saa za kazi, mbele ya wafanyakazi waliokaa vitini, na kinachoulinda ni kila mmoja wao kuangalia muhuri wake tu. Munyakei aliangalia fomu nzima. Nyaraka alizozitoa zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na suala likafika Bungeni.

Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Hii ni sheria tuliyoiga kutoka kwa Waingereza, ambao waliitunga yao mwaka 1911 wakihofia majasusi wa Ujerumani. Ikaja kutumika dhidi ya karani wa Kenya aliyeonyesha kwamba dhahabu haipo. Kesi haikusimama, lakini kazi hakurudishiwa.

Mwaka huohuo mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Wenye umri wangu mnakumbuka unga ulivyopanda, na ile noti ya shilingi mia tano iliyobandikwa jina la mwanasiasa Jirongo kwa jinsi ilivyomwagwa kwenye kampeni za mwaka 1992. Goldenberg ilikuwa sehemu ya maumivu hayo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba nchi ilipoteza kiasi cha asilimia 10 ya pato lake la mwaka. Kwa hiyo watu walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Neno Goldenberg likawa tusi. Mwaka 2003, baada ya Rais Moi kuondoka madarakani, ikaundwa Tume ya Bosire kuichunguza kashfa hiyo, na nchi nzima ikafuatilia ushahidi kwenye televisheni. Munyakei akaja kutoka Narok, akatoa ushahidi wake. Mwaka 2004 Transparency International, shirika linalopinga ufisadi, ikamtunuku. Watu wakapiga makofi. Julai 2006 akafariki dunia akiwa maskini, hata miaka arobaini hajafika.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tukizungumza juu ya maoni ya umma tunadhani ni kile watu wanachokisema: shujaa au msaliti. Mimi ninasema maoni ya umma yako kwenye kile watu wanachokifanya baada ya makofi. Nani atampa kazi mtu aliyewahi kutoa nyaraka za mwajiri wake? Nani atamkodishia chumba? Benki gani, kampuni gani, shirika gani, hata lile linalopinga ufisadi kwenye mabango yake, litamweka ofisini penye kabati la mafaili? Watu waliomsifu Munyakei walikuwa wengi. Na wengi wao, nina hakika, wangesita kumwajiri. Huo ndio msimamo wetu halisi, na viongozi wanaujua vizuri. Hawahitaji kumfunga mtu. Inatosha wamfukuze kazi, halafu watuachie sisi wengine tuimalize adhabu kwa kumkwepa.

Sasa mchukueni mwingine ambaye hakuwa karani. John Githongo aliteuliwa mwaka 2003 kuwa katibu mkuu anayeshughulikia utawala bora na maadili katika ofisi ya Rais Kibaki. Akakuta mikataba ya Anglo Leasing. Mmoja wao ulihusu mtambo wa kutengeneza pasipoti: kazi ambayo kampuni ya Ufaransa ilikuwa imeiombea kiasi cha euro milioni 6 ikawa ya kiasi cha euro milioni 30, kwa kampuni ambayo ukiitafuta huioni zaidi ya anwani iliyoko Liverpool. Githongo alipoanza kuuliza maswali, mwaka 2004 baadhi ya fedha zikarudishwa na wenyewe hawakujitokeza kusema wao ni akina nani. Mtu anayerudisha fedha kimyakimya hivyo ameshakujibu.

Februari 2005 alijiuzulu akiwa London, na Januari 2006 ripoti yake ikachapishwa gazetini. Alikuwa amerekodi mazungumzo yake na mawaziri. Katika wiki zilizofuata mawaziri wakaanza kuachia viti.

Nchi ikafanya nini? Ikagawanyika, na kilichoigawanya hakikuwa ushahidi. Swali lililotangulia masikioni mwa wengi lilikuwa: ametumwa na nani? Githongo ni Mkikuyu, na waliotajwa walikuwa watu wazito wa serikali iliyoonekana kuwa ya watu wake. Kwa baadhi yao alikuwa ameuza nyumba yake. Wengine wakasema ni kibaraka wa Waingereza. Na upande wa pili, naomba tuwe wakweli, wapo waliomshangilia kwa sababu tu waliovuliwa nguo hawakuwa wao. Baadhi yao walikuwa kimya kabisa wakati wa Goldenberg, ilipokuwa zamu ya watu wao. Waliomtukana na waliomsifu wakakutana mahali pamoja: hawakusoma mikataba.

Swali la "ametumwa na nani" silidharau. Siasa zetu zina watu wanaotumwa kweli, na mwandishi wa habari lazima aulize karatasi imetoka wapi na kwa nini imetoka leo. Lakini liulizwe pili. La kwanza ni: karatasi hii ni ya kweli? Mkataba upo au haupo? Mwenye chuki na bosi wake, anayetafuta cheo, hata aliyelipwa, anaweza kuleta hati ya kweli. Na mtu msafi wa moyo anaweza kuleta ya uongo kwa kudanganywa. Tukianza na kabila la mtu na nia yake, hatufiki kwenye hati. Anayeiba anajua hivyo, ndiyo maana jibu lake la kwanza siku zote humhusu mleta habari.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimwamuru Githongo amlipe waziri wa zamani Chris Murungaru shilingi milioni 27 kwa kumvunjia heshima katika suala hilohilo. Mahakama zina hoja zake za kisheria na sitaziingilia leo. Ninawauliza tu mjiweke mahali pa afisa kijana wa Hazina aliyesoma habari hiyo akiwa na faili mkononi.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, hali ina sura nyingine. Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dar es Salaam, mbunge wa upinzani Dkt. Willibrod Slaa alisoma hadharani majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu ya Tanzania, zilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Januari 2008 gavana wa benki hiyo akaondolewa. Umma ulimjua aliyesoma. Waliotoa nyaraka ofisini haukuwaona. Huenda ndiyo njia salama zaidi, kwamba mwanasiasa abebe jina na karani abaki na kazi yake. Tanzania ikatunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Uganda iliwatangulia mwaka 2010. Lakini sheria ya Tanzania inataka taarifa ipelekwe kwa mamlaka husika. Rudini kwenye ile fomu ya CD3: forodha walipiga muhuri, Benki Kuu ikathibitisha, Hazina ikaidhinisha. Munyakei angeipeleka kwa mamlaka gani?

Najua kuna mtu hapa anataka kuniuliza: je, kila siri itolewe? Hapana. Jina la mpelelezi aliye kazini, faili la mgonjwa, mahali kikosi kilipo mpakani, hizo ni siri halali na anayezitoa anaweza kuua watu. Mmarekani Daniel Ellsberg alipotoa nyaraka za siri za vita vya Vietnam mwaka 1971, alizuia majalada yaliyohusu mazungumzo ya kidiplomasia asije akaharibu juhudi za amani. Mtoa siri mwenye akili huchagua. Basi nasi tuchague tunapomhukumu: alichokitoa kilikuwa kinamlinda raia, au kilikuwa kinamlinda mwizi?

Kenya bado tunahangaika na muswada wa kuwalinda watoa taarifa. Umeandikwa, ukarudishwa, ukaandikwa tena, kwa zaidi ya miaka kumi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 kinatoa kinga fulani, na nyinyi wanasheria mkisome, lakini kinga ya kutoadhibiwa haimlipii mtu kodi ya nyumba. Ninachokitaka kwenye muswada huo ni kitu kimoja ambacho wabunge hukiona kidogo: mtumishi anayetoa taarifa aendelee kulipwa mshahara wake wote mpaka suala limalizike, na akishafukuzwa kwa hila arudishwe kazini kwa amri ya mahakama, si kwa hisani ya waziri. Vikao vya maoni ya umma huwa wazi kwa kila mtu. Mara nyingi viti vinakaliwa na maafisa wa wizara na mashirika machache. Hicho kifungu kikifika mbele yao, nendeni mkiwa wengi, mkaseme mnakitaka.