Anayetoka gerezani, nani anampokea?

Ndugu zangu wa Masasi, Mtwara na Lindi, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Leo sitawatembeza huku London ninakoishi. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu nilipokuja likizo msimu wa korosho.

Pale mtaani kwetu Mkuti kuna kijana alikuwa ametoka kifungoni. Nilimkuta kwao, uani, amekaa kwenye kigoda. Mfuko wa rambo wenye nguo zake ameupakata, kama mtu anayesubiri basi. Mama yake alikuwa anasonga ugali kimya kimya. Jirani hata mmoja hakuja kumpa pole. Akaenda kuomba kibarua cha kuokota korosho, akaambiwa nafasi zimejaa, na huku korosho zimetapakaa chini na mabibo yake. Haikupita wiki mbili, akawa analala stendi na wale watoto wasio na kwao.

Jamani, wiki ile ya kwanza ndiyo inayoamua! Huku London, mwaka 1969, padri wa Kianglikana, Kenneth Leech, aliwafungulia vijana wasio na pa kulala chumba cha chini ya ardhi cha kanisa la St Anne, mtaa wa Soho. Hapo ndipo lilipoanzia shirika la Centrepoint, na mpaka leo linawahifadhi vijana. Chumba kimoja tu! Sisi kumbi za parokia tunazo, madrasa tunazo, na nyingi usiku zimefungwa.

Kwenye Mathayo 25 Yesu anasema alikuwa kifungoni, wakamjia. Suratul Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Basi shehe na padri waongozane mpaka gereza la Lilungu, Mtwara, wamuulize mkuu wa gereza nani anatoka mwezi huu na kwao ni wapi. Watu wawili wamsubiri getini na nauli na sahani ya wali, na mwenye shamba awe ameshakubali kumpa kazi.

Wana Masasi, mnakumbuka mji wetu ulivyoanza? Mwaka 1876 Askofu Steere alikuja na watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikuwa ya Ziwa Nyasa, wakaweka makazi hapa. Wale hawakuwa na kosa lolote, najua. Lakini hawakuwa na kwao, wakapata kwao Masasi.

Nimeshaongea na mzee wa kanisa pale Mkuti. Nauli za watu watano wa kwanza natoa mimi. Mwenye shamba anayehitaji mwokotaji, tafadhali andika hapo chini uko kijiji gani.