Nimepanda kwenye terasi ya kondo ya karibu dola milioni, na hii nyumba naijua

Haya familia mambo vipi, nawasalimu wote, Dar, Tanga, Mombasa, na nyie wa Bujumbura mnaonitumiaga meseji saa nane usiku kama vile mimi silali. Leo siko Silver Spring kule Maryland, nimeingia Washington DC mjini kabisa, maana kuna mdau aliniandikia wiki iliyopita, kaka kila siku unatuonyesha theluji na parkingi ya supamaketi, tuonyeshe nyumba za kishua bwana. Sawa mdau, leo hiyo hapo. Terasi binafsi, juu ya paa, mbao mpya zinanukia, kochi la nje, taa za kuning'inia. Ila kuna kitu sijawaambia kuhusu hii nyumba, tulieni nitafika.

Kwanza jina. Hapa wanaita kondo, na najua mama zangu mnaoniangalia mshaanza kucheka, hapana mama, siyo kondo la nyuma. Ni hivi, jengo moja wenyewe wengi, kila mtu ana hati ya kipande chake, halafu ukuta wa nje, paa, ngazi, mabomba, hivyo ni vya wote na mnachanga kila mwezi kwenye chama chenu cha wamiliki. Hata Bongo sheria yake tunayo tangu 2008, Kenya nao walitunga yao mpya 2020, kwa hiyo msione ni mambo ya wazungu tu, huko Upanga na Kilimani watu wanaishi hivi hivi na wanagombania hela ya jenereta.

Mtaa unaitwa Shaw. Ni nyumba za matofali zilizobanana, ukuta kwa ukuta, nyembamba, ghorofa mbili tatu. Hii ilikuwa nyumba moja, mwenye kampuni ya ujenzi akainunua akaikata mara mbili, ya chini kipande kimoja, ya juu kipande kingine, akapandisha ghorofa moja juu, na juu ya hiyo akaweka hii terasi. Ngoja nizungushe kamera. Ile nyeupe kule ni kuba la Bunge, na ule mnara uliochongoka ni wa George Washington, mita 169. Mnajua kwa nini naviona vyote viwili kutoka ghorofa ya nne tu? Kwa sababu huku kuna sheria ya 1910 inayozuia majengo kwenda juu sana, ndiyo maana DC huoni yale maghorofa ya New York, na ndiyo maana terasi ya hapa ina bei, we ukipanda kidogo tu mji wote uko miguuni. Dalali kaniambia mara mbili kwamba tarehe 4 Julai fataki unaziangalia ukiwa umekaa hapa hapa. Mara mbili!

Bei sasa. Dola 950,000. Kwa hela ya madafu ni zaidi ya bilioni mbili, kaeni chini kwanza. Mwenye kufuata njia ya kawaida anatoa asilimia 20, hiyo ni 190,000 taslimu, salio mkopo wa miaka 30, kwa riba za siku hizi ni karibu dola elfu tano kila mwezi. Kodi ya jengo DC ni senti 85 kwa kila dola 100 ya thamani, piga hesabu mwenyewe, ni dola elfu nane na kitu kwa mwaka kabla ya punguzo la mwenye kuishi ndani. Bado mchango wa chama. Bado bima. Na parkingi haimo, gari unagombania barabarani.

Afu sasa njooni kwenye hii terasi "binafsi". Nimeomba karatasi za jengo nikasoma, dalali alinishangaa kidogo maana nadhani watu wengi wanapiga selfi wanaondoka. Imeandikwa kwamba paa ni la wote, hii terasi ni sehemu ya wote ila wewe peke yako ndo unaitumia. Unaelewa hapo? Unalipia kuitumia, siyo kuimiliki. Paa likivuja chini ya hizi mbao, mbao zinang'olewa kwanza, na gharama ya kuzing'oa na kuzirudisha ni yako. Wenye chama mko wawili tu, wewe na jirani wa chini, mkikosana hakuna kura ya tatu. Na jiko la mkaa haliruhusiwi. Nimeuliza kabisa, nikamwambia dada mimi nikinunua lazima nichome nyama, akasema kuna jiko la umeme zuri sana. Nyama choma ya umeme, jamani. Dola laki tisa na hamsini.

Na muziki mwisho saa nne usiku. Hapo kidogo nimecheka, maana huu mtaa muziki ndo ulioupa umaarufu. Duke Ellington amekulia maeneo haya haya. Hapo mbele ni U Street, zamani ilikuwa ndo katikati ya watu weusi wa mji huu, kumbi za muziki, saluni, ofisi za mawakili, chuo kikuu cha Howard kiko juu hapo kilimani. Kisha Aprili 1968 Martin Luther King akauawa, watu wakaingia barabarani kwa uchungu, maduka yakaungua, na baada ya hapo mtaa ukakaa kama yatima miaka na miaka. Halafu wakaja kuchimba treni ya chini, barabara ikawa shimo, biashara zilizobaki nyingi zikafa, Ben's Chili Bowl ya 1958 ikashikilia na mpaka leo ipo. Stesheni ikafunguliwa 1991. Sasa we jiulize, mtaa wa karibu na kila kitu, bei ya chini, umeletewa treni, hela itachelewa? DC ilikuwa inaitwa Chocolate City, mwaka 1970 weusi walikuwa zaidi ya asilimia 70, sensa ya 2020 wako kama 41.

Kuna duka la simu hapo kona ya 7th na Florida, tangu 1995 wanaweka spika nje wanapiga go-go, hiyo ni ngoma ya DC yenyewe, ngoma juu ya ngoma haikatiki, ukiisikia unakumbuka mchiriku. 2019 mkazi mmoja wa jengo jipya akalalamika kelele, muziki ukazimwa. Wee! Watu walijaa barabarani, bendi zikapiga pale pale, mpaka bosi wa kampuni ya simu akasema spika zirudi, na mwaka uliofuata mji ukatunga sheria go-go ndo muziki rasmi wa DC. Kwa hiyo mgeni mmoja kulalamika kumewapa wenyeji sheria, hiyo mimi naipenda sana.

Haya, nazima kamera, dalali kaniruhusu kurekodi huku juu tu.

...

Nimeshatoka, niko stesheni nasubiri treni, samahani kwa kelele. Lile jambo sasa. Hiyo nyumba mimi nimelala basementi yake miaka mitano. Nilifika 2008, tulikuwa watatu, mimi, mshkaji wa Tanga na Muhabeshi mmoja aliyekuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa wao hapo 9th Street, dola 300 kila mtu kwa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mweusi wa pale pale, alikuwa anakaa kwenye kibaraza cha mbele jioni anasalimia kila anayepita, huyo bibi ndo alinipa koti langu la kwanza la baridi. Alipofariki watoto wake walikuwa wameshahamia Maryland, wakauza, na siwalaumu, hata mimi ningeuza.

Ila 2013 ilikuja barua. Karatasi ndefu, Kiingereza cha mahakamani, hakuna aliyeisoma. Baada yake akaja kijana mmoja mpole kavaa shati zuri, akasema mkisaini hapa kila mmoja anapata dola 1,000 na mnahama baada ya siku 60. Tulisaini tukiwa tumesimama, jamani, tukaenda kula kuku. Nimekuja kujua miaka baadaye kwamba mji huu una sheria tangu 1980, mpangaji ndo anapewa nafasi ya kwanza ya kununua nyumba ikiuzwa, na kile tulichosaini ni kuiachia hiyo haki. Hatungeweza kununua, tusidanganyane, ila watu wenye haki kama ile walikuwa wanakaa mezani na kubembelezwa, na 2018 nyumba za familia moja kama ile zikaondolewa kwenye sheria. Mimi ni mtoto wa Magomeni, naona wazee wa Magomeni Kota kule Dar, wapangaji kama sisi, walivyoshika vikaratasi vyao tangu walipobomolewa, kaya 644, wakasumbua kila ofisi mpaka 2022 wakaingia kwenye maghorofa mapya. Wazee wasiojua Kiingereza! Mimi na digrii yangu nikauza kwa bei ya kuku.

Dalali alivyoona nasita akasema hii ya juu kama ni kubwa kwako, twende nikuonyeshe ya chini, 640,000. Nikasema twende. Wamechimba sakafu, dari imekuwa juu, kuta nyeupe, pale kilipokuwa kitanda cha mshkaji wa Tanga kuna friji ndogo ya mvinyo. Zamani mlangoni kulikuwa na bomba la maji ya moto, lilinigonga hapa kwenye paji mpaka nikazoea. Bomba halipo tena. Nikaingia nimeinama. Dalali akaniuliza, kaka umedondosha kitu?