Sahani Tatu Zilizotupwa

Asanteni sana. Mwenyekiti amesoma wasifu wangu kwa ukarimu, nami nimesikiliza kama mtu anayepewa habari za ndugu wa mbali aliyefanikiwa. Ameacha jambo moja, na si kosa lake, maana halimo kwenye wasifu: sahani tatu za plastiki zilizoishia kwenye pipa la taka za maabara. Ndizo zilizonileta hapa jioni hii.

Lakini kwanza nianze na kuku. Kuku ana kifuko kidogo upande wa mkiani, ndani, jirani na tundu la kutolea haja. Fabricius, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Padova, Italia, alikieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1621, yeye akiwa ameshafariki. Ikapita zaidi ya miaka 300 watu wakikiona na wasijue kazi yake. Kisha mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, Bruce Glick, akamkuta mwalimu wake akipasua bata bukini, akauliza: hiki nacho kinafanya nini? Mwalimu akamjibu kuwa swali ni zuri, akatafute jibu.

Glick akawa anavitoa vifuko kwa vifaranga, anangoja aone kitakachopungua. Wakakua kama kuku wengine. Baadaye mwenzake, Timothy Chang, akahitaji kuku wa kuwaonyeshea wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu, na Glick akampa baadhi ya kuku wake, wakiwemo aliowapasua. Chang akawadunga salmonela, aina ya bakteria, akapima damu. Kwa kuku kadhaa, hamna kitu. Somo limeharibika mbele ya darasa, na wengi wetu tungeomba kuku wengine, tukasahau. Hawa wawili walirudi kuangalia kuku gani ndio waliokosa kingamwili, wakakuta ni wale wasio na kifuko. Makala yao ikakataliwa na jarida kubwa, ikatoka mwaka 1956 katika jarida la wataalamu wa kuku, mahali ambapo watafiti wa kinga ya mwili hawakuwa na kawaida ya kupita. Leo kila anayetamka “seli B”, yaani seli za kinga zinazotoa kingamwili, anataja herufi ya kwanza ya bursa, jina la kifuko kile, ingawa sisi binadamu hatunacho na seli zetu za B zinatoka kwenye uboho. Nayo T ya “seli T”, kundi jingine la seli za kinga, ni ya thaimasi, tezi ya kifuani ambayo Jacques Miller alionyesha umuhimu wake mwaka 1961 kwa kuwatoa panya wachanga tezi hiyo.

Kisa hiki nimekisimulia darasani miaka mingi. Wanafunzi hucheka panapostahili. Kisha nilikuwa narudi maabara na kuwaongoza kinyume chake kabisa. Mimi mwenyewe nililelewa na msimamizi aliyetaka kuona majedwali safi tu, nikajua kuyasafisha kabla sijajua kuyasoma.

Kazi yangu ni makrofaji, seli zinazomeza vijidudu na kupiga mbiu ili seli nyingine zije. Tunaziweka kwenye sahani yenye vishimo 96, kwenye joto la nyuzi 37, kisha tunapima ile mbiu kwa rangi: kishimo kikiwa njano, seli zimeita. Kila sahani ina vishimo vya kulinganishia, ambamo seli hazikuguswa na dawa tunayoichunguza. Hizo zinatakiwa kunyamaza. Zikisema, hujui tena nani amezisemesha. Kwa hiyo nilibandika karatasi kwenye mlango wa inkubeta, kabati la joto tunamotunzia seli, kwa kalamu nyekundu: VYA KULINGANISHIA VIKIWAKA, TUPA, ANZA UPYA.

Jioni moja binti wa shahada ya uzamili alisimama mlangoni kwangu na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini.

“Samahani, mwalimu. Nimekosea tena.”

“Mara ya ngapi?”

“Ya nne.”

Nilianza kupiga hesabu ya gharama kichwani, na uso wangu nadhani uliisoma hesabu hiyo kwa sauti. Akafungua daftari haraka, kama anayejitetea. Kabla ya kutupa kila sahani alikuwa ameichora kwa penseli, viduara 96, vya njano amevitia kivuli. Sahani ya kwanza na ya pili, safu zote nne za kulinganishia zimewaka. Ya tatu, safu mbili tu.

“Hapa ilikuwaje?”

“Hapo maji ya chumvi yaliniishia, safu mbili za mwisho nikaazima kwa jirani.”

Mnaofanya kazi hii mmeshaelewa. Chupa yetu kubwa ya maji ya chumvi ilikuwa na endotoksini, mabaki ya ukuta wa bakteria. Bakteria wenyewe walishakufa ndani ya otoklevu, chombo cha mvuke cha kuulia vijidudu, kwenye nyuzi 121, lakini mabaki yao hayatoki kwa joto hilo. Vyombo vya kioo vinataka joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Makrofaji nazo haziulizi kama bakteria yu hai. Tulitia polimiksini B, dawa ambayo huyashika mabaki hayo, na ile njano ikatoweka.

Chupa hiyo nilikuwa naitumia na mimi. Michoro miwili ya makala niliyokuwa nimeshaituma ilitokana nayo. Nilimwandikia mhariri nikaiondoa makala usiku uleule, nikarudia kazi kwa miezi kumi. Mchoro mmoja ulisimama. Wa pili haukusimama, na nilikuwa nimeupenda kuliko wote.

Tangu hapo, kila Jumatatu mtu analeta sahani yake mbovu kuliko zote za wiki, nami naanza na yangu. Msidhani tumevuna ugunduzi kila wiki. Nyingi ni uzembe mtupu: kifuniko hakikufungwa, pipeti, kile kifaa cha kunyonyea vimiminika, haikupimwa, mtu alikuwa na mchumba kwenye simu. Na wapo waliojifunza kuuita uzembe ugunduzi. Hao nao wanahitaji kusimamiwa.

Yule binti alipotetea tasnifu yake, mtahini mmoja alimuuliza kwa nini sahani tatu za kwanza hazikuhifadhiwa. Akanyamaza, akanitazama. Nikainua mkono na kusema kwamba karatasi ya mlangoni ilikuwa mwandiko wangu.